Gitaa la Rangi

Mtaani kwao, Rangi hakuogopwa na mtu. Alikuwa fundi wa kupuliza rangi magari, mpole, mwepesi wa kucheka, na jina la kazi yake lilimganda hadi watu wakasahau lile alilopewa na wazazi wake. Aliyeogopwa ni mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji, na walimwita Mama Sindano, si kwa sababu ya cherehani peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa na ncha. Ukimpelekea kitambaa cha maua makubwa makubwa alikutazama juu mpaka chini, akakwambia, "Mdogo wangu, ukivaa hiki utafanana na kochi la sebuleni." Wateja walivimba, wakaapa hawatarudi, kisha wakarudi, kwa maana Mama Sindano akikwambia umependeza, ulitembea barabarani kifua mbele.

Sasa mwanamke huyo huyo, aliyeshindwa kumdanganya hata mteja wake mkubwa, alikuwa amegeuka mwongo nyumbani kwake, na aliyedanganywa alikuwa mumewe.

Ilianza na macho. Presha ya macho ilimwingia Rangi kimyakimya. Kwanza akawa anagonga ndoo zilizowekwa pembeni, akiwalaumu walioziweka. Kisha akaacha sehemu tupu kwenye ukingo wa mlango wa gari la mtu, jambo ambalo hakulifanya hata alipokuwa bado anajifunza kazi. Alipokwenda hospitali aliambiwa kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki watajaribu kukishikilia. Walijaribu. Dunia ikawa kama inayochunguliwa kupitia tundu la ufunguo, na tundu lenyewe likazidi kupungua, mpaka asubuhi moja akaamka akamwuliza mkewe mbona hajafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi.

Wenzake wa gereji walipokuja kumwona waliona haya kumwita Rangi. Wakawa wanasema "mzee", "kaka", "bosi". Akawauliza, "Jina langu mmeliuza?" Wakacheka, naye akacheka, lakini mkewe alimwona jinsi alivyokaa baadaye, ameinamisha kichwa, akisugua vidole kama anayejaribu kutoa rangi kwenye kucha ambazo siku hizo zilikuwa safi.

Siku moja, walipokuwa wanajiandaa kwenda kumjulia hali shemeji yake, Rangi aliuliza, "Shati hili bado jeupe?"

Mama Sindano akalitazama. Kola ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Alifungua kinywa aseme hivyo hivyo, kama ambavyo angemwambia mtu yeyote, akamwona mumewe amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, shingo imeelekea upande mmoja kama anayesikiliza hatua za mgeni. Roho ikamwuma.

"Jeupe pee," akasema.

Tangu hapo uongo ukawa unamtoka kama pumzi. Geti la nyumba yao, ambalo Rangi alilipuliza buluu kwa mikono yake, lilikuwa linabambuka, lakini yeye aliambiwa linang'aa. Mvi zake zikawa chache tu, za heshima. Ukuta wa uani uliopata ufa ukawa mzima. Kila asubuhi Mama Sindano alimwandalia mumewe dunia kama alivyomwandalia chai, akazidisha sukari, na hakuona ubaya wowote.

Kabla ya mambo hayo Rangi alikuwa na gitaa. Lilikuwa bovu, hakuna wa kulitetea, na alikuwa amelipuliza rangi ya fedha iliyobaki kwenye pikapu ya mteja, hata wenzake wakawa wanamwuliza linakula petroli au dizeli. Akitoka kazini alilipigia kibarazani huku mkewe anamalizia kushona ndani, na watoto wa jirani walikuwa wanakuja kucheza hapo. Wiki chache baada ya macho kuzimika alijikwaa kwenye zulia, akaliangukia gitaa. Shingo ikakatika. Mama Sindano alimkuta sakafuni akikusanya vipande kwa kupapasa, na toka siku hiyo hakuna aliyetaja muziki ndani ya nyumba ile.

Aliyeutaja ni binti yao wa pekee, mkunga aliyefanya kazi mji wa mbali. Alipiga simu, akaanza bila salamu ndefu. "Mama, mchukue baba akachague gitaa. Nimeshatuma hela, na usiniambie mmenunulia mabati."

Mama Sindano alidhani mzee atakataa. Rangi akakuna kidevu, kisha akasema, "Nataka sanibasti."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Umeziona, hujui jina tu. Gitaa ambalo uso wake katikati ni rangi ya asali, halafu inakolea taratibu, inakuwa nyekundu, inakuwa kahawia, ikifika kingoni ni nyeusi. Kama vile jua limewashwa ndani yake. Kupuliza rangi ile si mchezo, mama. Mkono ukitetemeka kidogo tu, kila mtu anaona. Mimi naitamani tangu ujana."

Mama Sindano alitaka kuuliza, wewe na rangi wapi na wapi siku hizi? Akameza maneno. Lakini wawili wale walikuwa wameoana muda mrefu.

"Najua unachowaza," Rangi akasema. "Ni kweli sioni. Lakini naonekana."

Basi wakaenda. Duka la vyombo vya muziki vilivyotumika lilibanwa katikati ya fundi baiskeli na duka la kutoa fotokopi. Mwenyewe alikuwa bwana mnene aliyening'iniza miwani kifuani kwa kamba ya kiatu. Kila mteja alimwita jirani, hata aliyetoka nchi za mbali, kwa hiyo na watu wote wakamwita Jirani.

"Karibuni, majirani! Kiti kipo nyuma yako, jirani, rudi kidogo tu. Hapo hapo." Akamshika Rangi bega, akamkalisha vizuri bila kumfanya mtoto, na kwa hilo peke yake Mama Sindano alimpenda.

Ndani kulinukia gundi ya mbao. Magitaa yalining'inizwa ukutani kwa shingo zao, makubwa na madogo, mengine hayana nyuzi, na chini yake palikuwa na ngoma iliyotoboka na kinanda kilichopungukiwa vibao kama mzee asiye na meno ya mbele.

"Sanibasti ninazo mbili," Jirani akasema. "Zote zimetumika, na sitakudanganya kwamba kuna iliyo mpya. Shika, pigapiga, sikiliza. Haraka sina."

Akashusha la kwanza. Lo! Lilikuwa zuri hata Mama Sindano, aliyekuja akiwa na moyo wa kusindikiza tu, alijikuta anasogea. Asali ya katikati iling'aa mpaka akajiona uso wake humo. Wekundu uliizunguka asali, na weusi ukauzunguka wekundu, tii, bila mkwaruzo.

Rangi akaliweka pajani. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa laini kwa kukaa bure, akavikunjakunja kwanza, akashika mshiko mmoja, akapiga. Sauti ikatoka, lakini ilitoka kwa shida. Akapiga tena, akainamisha sikio.

"Linaongea huku limejifunika blanketi," akasema.

"Haya, jaribu la pili."

Mama Sindano alipoliona la pili alikunja uso. Hilo lilikuwa limepigwa na maisha. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umepauka. Chini ya tundu la sauti rangi ilikuwa imekwanguliwa mpaka mbao ikabaki uchi, pana kama kiganja. Karibu na ukingo palikuwa na duara ambapo mtu alibandika kitu, halafu kilipobanduliwa kikaondoka na rangi yake. Ubavuni ulipita mstari wa gundi, kama kovu la mshono uliofanywa na mtu mwenye haraka.

Rangi akapiga uzi mmoja tu, ule mnene wa juu.

Sauti ilitoka nzito na laini, ikajaa duka zima. Nje, fundi baiskeli aliyekuwa anagonga ringi akaacha kugonga. Rangi naye akaganda, mkono hewani. Kisha akaanza kupiga kijiwimbo cha polepole, alichokuwa anakipiga zamani kibarazani, akakosea, akarudi nyuma, akakosea tena, akaendelea. Mama Sindano hakuwa anatazama gitaa tena. Alikuwa anatazama uso wa mumewe. Uso ule ulikuwa umefunguka, na alikuwa hajauona hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba alishangaa kuukuta bado upo.

Mteja aliyetaka nyuzi akamwita Jirani kule nyuma ya kaunta. Rangi akageuza kichwa, akanong'ona kama mtoto aliyeona keki. "Nielezee. Sura yake ikoje?"

Hapo ndipo Mama Sindano alipofanya alichofanya. Alitaka mumewe alipate lile gitaa, alitaka alipate lote, sauti na uzuri, asipungukiwe chochote. La kwanza lilikuwa limeegemezwa kwenye kaunta. Akalitazama hilo, akaanza kusoma kama mtu anayenakili barua.

"Katikati ni asali, asali ile safi. Halafu inakuwa nyekundu, taratibu kabisa. Kingoni ni nyeusi tii. Halina hata doa, baba. Linang'aa mpaka naona meno yangu."

Rangi akatabasamu. Kiganja chake kikaanza kutembea juu ya uso wa gitaa, kama vile zamani kilivyokuwa kinatembea juu ya boneti za magari kutafuta vumbi. Kikafika chini ya tundu. Kikasimama. Kidole gumba kikaenda mbele, kikarudi, kikaenda tena, pale ambapo rangi iliishia na mbao ikaanza.

"Na hapa?" akauliza.

"Hapo... hapo ndipo rangi inapokolea."

Tabasamu halikumtoka ghafla. Lilififia polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jirani akarudi akifuta mikono, hana hili wala lile. "Umelipenda, siyo? Hilo nitakupunguzia, jirani, nisije nikaitwa mwizi. Sauti yake sina la kusema. Lakini sura imekwisha. Lilikaa dirishani likapigwa jua upande mmoja, na aliyekuwa nalo alilikwangua kwa kucha mpaka mbao ikatokeza. Mama ameona mwenyewe."

Mama Sindano alitamani sakafu ipasuke.

"Asante, jirani," Rangi akasema, akinyoosha gitaa mbele yake mpaka likapokelewa. "Tunatoka kidogo tupunge upepo."

Nje, kwa fundi baiskeli, palikuwa na benchi. Wakakaa. Rangi hakupandisha sauti. Mama Sindano angependa apandishe.

"Shati nililijua," Rangi akasema.

"Shati gani?"

"Yote. Kola ikichoka inajulikana hata kwa shingo. Nikasema mwache, anataka kunifurahisha. Geti nalo, kila nikilifungua magamba yananiingia kwenye kucha. Nikanyamaza. Lakini leo nimekuuliza juu ya kitu nitakachokikumbatia kifuani kila siku, na wewe ukanisomea kingine."

"Nilitaka ulichukue. Ungejiona ulivyokuwa unapiga..."

"Ningelichukua! Nani alikwambia singelichukua?" Akashusha pumzi. "Mama, yule wa kitambaa cha maua ulimwambia ni kochi. Mke wa shemeji yako ulimwambia gauni linamfanya aonekane amevaa hema. Hakuna mtu mtaa mzima ambaye hujamwambia kweli. Mimi kosa langu ni nini? Macho yangu yalipoondoka nilisema, haya, nimebaki na ya mke wangu, na hayo hayajawahi kumdanganya mtu. Kumbe nayo yananivisha kilemba cha ukoka. Sasa nimebaki na nini?"

Mama Sindano aliinama. Alitazama mikono yake. Alikuwa na maneno ya kuomba radhi tayari mdomoni, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine, ambayo hata yeye hakujua kwamba anayo.

"Na mimi je? Unajua mimi ninaona nini? Naona geti linabambuka na aliyelipuliza amekaa nyuma yake. Naona unatia chumvi kwenye chai halafu unainywa hivyo hivyo, kimya, ili nisijue umekosea kopo. Naona unatabasamu kuelekea ukutani kwa sababu unadhani nimekaa pale. Zamani tulikuwa tunaona wawili. Ukiona kibaya unaniambia, nami nikiona nakwambia, tunakicheka, kinapungua. Siku hizi naona peke yangu. Na ukiniuliza, nikitaka kusema kweli, najiona kama nampiga mtu aliyefungwa mikono. Nimechoka, baba. Nimechoka kuona peke yangu."

Akalia, pale pale barabarani, mtu ambaye wateja waliamini hana machozi. Fundi baiskeli, ambaye masikio yake yalikuwa kwao muda wote, aliokota gurudumu lake taratibu akaingia nalo ndani kwa heshima.

Mkono wa Rangi ukatafuta. Ulishika kwanza ukingo wa benchi, kisha goti la mkewe, mwisho ukakipata kiganja chake.

"Ile chai ya chumvi uliijua?"

"Uso ulikukunjamana kama umelamba ndimu. Utaifichaje?"

Rangi akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha kujizuia, mabega yanatikisika, na mkewe, pua bado imeziba kwa kulia, akacheka naye mpaka akashika mbavu. Mwanamke aliyetoka kutoa fotokopi aliwatazama, akavuka barabara.

"Haya," Rangi akasema walipotulia. "Geti. Niambie la kweli."

"Limekwisha. Chini limeliwa na kutu. Katikati linatoa magamba kama samaki. Juu kuna sehemu ndogo bado buluu, na hiyo ndiyo inayofanya kwingine kuonekane vibaya zaidi."

"Nilijua! Siku ile mvua ilikuwa inanukia, nikaharakisha rangi ya chini. Wewe ulivyokuwa unalisifu, nilishangaa, hili geti limepata wapi uzima huo?" Alionekana amefurahi kweli, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kisha akatulia. "Na mimi? Nimekuwaje?"

Mama Sindano akamgeukia, akamtazama vizuri, kama anavyomtazama mteja kabla ya kumpima.

"Mvi zimeshinda. Mashavu yameingia ndani. Ukope wa kushoto unachelewa kufunguka. Hapa kwenye paji una alama ya juzi ulipogonga kabati, nilikwambia haionekani, inaonekana." Akasita. "Na bado u mwanamume mzuri. Hilo silisemi kwa huruma."

"Hilo nitalikubali," Rangi akasema polepole, "kwa kuwa umetanguliza mengine."

Waliporudi dukani, Jirani alijifanya anapangusa vumbi kwenye ngoma ambayo hakuna aliyewahi kuipangusa. Mama Sindano hakumpa nafasi ya kuuliza. "Tusaidie kiti mlangoni, kwenye mwanga. Na uniletee zote mbili."

Akaanza na la kwanza. Alilishika kama anavyoshika nguo iliyoletwa na mteja anayedai ni mpya. Akaligeuza, akaliinamisha, akapitisha jicho kingoni. "Hili ni zuri kwa mbali na kwa karibu. Asali yake inang'aa sana, kama kitambaa cha satini. Lakini hapa chini kuna tone la rangi limekauka likitiririka. Na hapa penye ukingo, rangi ni nene, nikigusa kwa ukucha nasikia ngazi."

"Limepulizwa upya," Rangi akasema. "Ndiyo blanketi lenyewe."

"Lilipulizwa kabla halijanifikia mimi," Jirani akadakia, mikono juu.

Kisha Mama Sindano akalichukua la pili, na hapo alikaa. Alisahau hata kwamba kuna watu wanamsubiri.

"Upande wa kulia wa uso umepauka. Unajua pazia la dirisha la mbele linavyokuwa, mikunjo ya ndani ina rangi na ya nje imekufa? Hivyo. Asali ya upande huu imekuwa kama majani makavu. Wekundu umebaki kama kitambaa kilichofuliwa na jiki. Upande wa kushoto ni mzima. Chini ya tundu hakuna rangi kabisa, ni mbao tupu, nyeupenyeupe, imekwanguliwa kwenda chini kama mvua inavyopiga dirisha. Mtu huyu alikuwa anapiga kwa nguvu. Hapa kuna duara la gundi, baya, linaniudhi. Ubavuni wameshona vibaya."

"Wameshona?"

"Wamegandisha. Lakini mimi naona mshono, na ni wa ovyo." Akalisogeza karibu na macho. "Ngoja. Upande huu mzima... natafuta pale wekundu unapoishia na kahawia inapoanza."

"Enhe?"

"Sipaoni. Nimetoka asali nimefika kwenye weusi na sijui nimevuka wapi. Hata nikifuata kwa kidole najipoteza."

Uso wa Rangi ukawaka. "Huyo alijua kazi," akasema kwa sauti ya chini, sauti ya fundi anapomtaja fundi. "Mkono huo ulikuwa hautetemeki. Rudia. Rudia pale kwenye wekundu."

Akarudia. Jirani, ambaye magitaa yale yalikuwa ukutani kwake siku nyingi, alivaa miwani akaja kusimama nyuma ya mama yule atazame kinachoelezwa.

"Sasa," Rangi akasema, "ingekuwa wewe, ungechukua lipi?"

"La kwanza."

Jirani akakohoa. Rangi akainua nyusi. "La kwanza?"

"Si umetaka kweli? Wewe utalisikiliza, mimi ndiye nitakayelitazama ukutani kutwa kucha. Hili la pili, kila nitakapolipita nitatamani kulishonea gauni."

Rangi alicheka hadi akalazimika kushika kiti. "Na masikio yako?"

"Masikio yanataka la pili," Mama Sindano akakiri. "Yamelitaka tangu uzi wa kwanza. Ila macho hayajakubali na sitayasingizia."

"Naweza kulipeleka kwa mtu likapulizwe upya," Jirani akasema, kwa nia njema kabisa. "Litarudi kama bibi harusi."

"Usithubutu!" Rangi akalikumbatia gitaa kifuani. "Ukiliziba rangi, litanyamaza kama lile. Na mimi niliyeambiwa mvi zimeshinda, nikionekana na gitaa linalong'aa watu watasema nimeliiba."

Akalichukua la pili. Jirani alilifungia kwenye mfuko mweusi wenye mikanda, akakataa kulipwa mfuko, akaongeza na nyuzi za akiba, akasema majirani hawa wamemfundisha kutazama ukuta wake mwenyewe.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Kusema kweli kwa mtu unayemwonea huruma ni kazi ya kujifunza, na Mama Sindano wiki ya kwanza aliizidisha. Alimweleza mumewe kila utando wa buibui darini, kila doa la jikoni, na jinsi mkwe wa nyumba ya pili alivyonenepa, mpaka Rangi akasema, "Basi, mama, mengine nisitiri." Wakati mwingine uongo wa zamani ulimtoka kabla hajauzuia, naye akarudi mwenyewe kutoka chumba cha pili na kusema, "Samahani, ile soksi haifanani na mwenzake." Na Rangi naye alijifunza la kwake: akikosea kopo alisema, "Nimekosea kopo," na mkewe alikuja kumwaga chai ile bila kulia.

Muziki ndio uliokawia. Ncha za vidole zilivimba, zikapasuka, zikaanza upya kuota ugumu wake. Kuna siku aliliweka gitaa chini kwa hasira na kusema anaachana nalo, akakaa mbali nalo mpaka jioni, kisha akalitafuta kwa mkono kama anayetafuta fimbo yake.

Mwisho wa mwezi binti alipiga simu. Mama Sindano alikuwa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali. Rangi alikuwa kibarazani, mlango wazi, anarudia kipande kimoja ambacho kilikuwa kinamshinda tangu asubuhi.

"Mama, ndiyo baba huyo ninayemsikia?"

"Ndiye."

"Anapiga vizuri?"

Mama Sindano akaacha kushona, akasikiliza kidogo ili asimwonee mtu. "Anapiga vibaya," akasema. "Vidole bado vimelala. Kuna mahali katikati kila akifika anaanguka, kama mtu anayekosea ngazi ile ile. Jana alikaribia kupavuka, leo amerudi nyuma."

"Nimesikia!" Rangi akapaza sauti kutoka nje.

"Nimesema kwa sauti makusudi!"

Binti alicheka upande wa pili wa simu, akacheka mpaka wagonjwa wake labda walishangaa. Kibarazani, Rangi alianza tena mwanzo. Alifika pale katikati, akaanguka kama kawaida, akatukana chinichini kwa heshima ya waliokuwa karibu, akarudi nyuma. Mama Sindano aliiweka simu juu ya kitambaa, spika wazi, ili binti naye asikie, kisha akasukuma pedali ya cherehani taratibu, taratibu kabisa, asije akaizidi sauti ya gitaa.